Usiniombe fomula ya sabuni kabla hujaniambia bidoni zako za maji ziko wapi

Wandugu, kila juma napata ujumbe wa namna moja. Mara ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mara ni mwenzetu aliyemaliza licence miaka 2 iliyopita na bado anatembeza diplome yake ofisi kwa ofisi, toka Himbi mpaka Katindo. Ujumbe ni mfupi: «Yaya, nitumie fomula ya sabuni.» Wengine wanaongeza: «Na ya sabuni ya maji, na ya Javel kama unayo.»

Siwalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe niliomba hivyo hivyo. Nilisoma kilimo, nikapata licence yangu, nikangoja kazi, kazi haikuja. Kisha Januari 2025 benki zilifunga milango hapa Goma, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwenye kutaka kuanza kitu anaanza na feza iliyo mfukoni mwake tu. Sabuni inavutia juu ya sababu moja ya wazi: kila nyumba inanunua sabuni, iwe vita, iwe amani, iwe volkano. Mafuta ya mawese yanapatikana, sude kostiki inapatikana, na mafunzo ya siku 3 yenye brevet mwishoni hayakosekani.

Tukisikia «viwanda vya kemikali» tunafikiri mabomba makubwa ya Ulaya na moshi. Lakini kiwanda cha kemikali cha Goma njo hiki: chumba kimoja Ndosho ao Mabanga, bidoni iliyokatwa juu, mti wa kukorogea, na vijana 4 wenye diplome. Kinatengeneza sabuni, Javel, dawa ya kusafisha choo. Ni kemia ya kweli, na inaumiza kwa kweli. Ndiyo maana leo nataka kueleza yale ambayo fomula haisemaki.

Nianze na yaliyotupata sisi.

Tulikuwa watano. Miezi ya kwanza tulitengeneza kidogo kidogo, mafuta kilo 5 kwa mara moja, ndani ya ndoo ya plastiki. Ilienda muzuri. Kisha papa mmoja mwenye boutique akatuagiza vipande 600 kwa siku chache. Furaha! Tukasema, basi tuongeze kila kitu mara 3. Ndoo yetu ikawa ndogo. Tukaazima sufuria kubwa ya aluminiamu, ile ya kupikia wali wa harusi. Mwenzetu mmoja akatia sude ndani kwanza, juu ndoo ya maji ilikuwa bado mbali. Mwingine akaleta maji, akamwaga juu yake kwa mara moja. Dada yetu alikuwa ameinama kuangalia kama imeyeyuka.

Ikalia kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji. Povu likapanda, mvuke ukatoka, na tone zikaruka. Zilimfika kwenye shavu na jicho la kushoto.

Tukatafuta maji ya kumuosha. Maji tuliyokuwa nayo ndani ya chumba tulikuwa tumeyatia yote kwenye sufuria. Bomba la parsele lilikuwa kavu siku kadhaa. Mmoja akakimbia kwa mama mwenye nyumba, mwingine akakimbia kutafuta limau, juu «asidi inamaliza nguvu ya bazi», tulilisoma G2, kemia ogani, na mimi binafsi nilipata 14 juu ya 20. Bahati jirani mmoja, muuguzi, alifika akatupa limau chini akamlaza dada yetu na kumwagia maji. Lakini dakika zilikuwa zimekwisha kupita. Leo jicho lile linaona mwanga na kivuli, basi. Hakutaka jina lake liandikwe. Alisoma maandishi haya kabla sijayatuma na kunisahihisha mahali 2.

Wale waliotufundisha siku 3 hawakuwa watu wabaya. Walitupa vipimo sawa, na sabuni yao ilitoka nyeupe. Ila katika siku zile 3 hakuna aliyetamka neno miwani.

Sasa tuangalie nini kilitokea ndani ya ile sufuria, juu pale makosa yetu hayakuwa moja.

Sude kostiki ikiyeyuka ndani ya maji inatoa joto mingi. Kilo moja inatoa karibu kilojuli 1,100. Kwa hesabu ya karatasi, joto lile linatosha kuleta lita 3 za maji karibu na kuchemka bila moto wowote. Na hapa kwetu, kwenye mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Tuko karibu zaidi na kuchemka kuliko mtu wa Matadi. Ukitia sude kidogo kidogo ndani ya maji mengi ya baridi, ukikoroga, joto linagawanyika kwenye maji yote. Ukimwaga maji juu ya rundo la sude, maji machache ya kwanza yanakutana na sude nyingi, yanachemka palepale, na mvuke unarusha sude hewani. Njo maana ya kanuni ile ya zamani: sude inaingia ndani ya maji, maji hayamwagwi juu ya sude. Si desturi ya wazee wa laboratwari tu.

Kosa la pili ni ile sufuria. Sude inakula aluminiamu. Inatoboa chuma kile na kutoa gesi ya hidrojeni, ambayo inashika moto kwa cheche ndogo. Povu letu halikuwa la kuchemka tu, lilikuwa pia la hidrojeni. Mita 2 kutoka pale mama wa jirani alikuwa na mbabula yake, makala mekundu, anapika sombe. Mpaka leo nikifikiri jambo hilo usingizi unakata. Tumia plastiki nene, ile ya ndoo na bidoni ngumu, ao chuma kisichoshika kutu. Aluminiamu, hapana. Wala kijiko chake, wala kifuniko chake.

Na kosa la tatu, mimi nasema njo kubwa kuliko yote: tulifungua mfuko wa sude pasipo kuwa na maji ya akiba.

Kwa nini maji, na kwa nini mengi? Sude inafanya kwenye mwili kazi ileile inayofanya kwenye mafuta ya mawese. Ukishika maji ya sude vidole vinateleza. Kuteleza kule ni ngozi yako inaanza kuwa sabuni. Asidi nyingi zikigusa ngozi zinagandisha nyama ya juu, na ile iliyoganda inazuia kidogo asidi isishuke. Sude haigandishi, inayeyusha, na inaendelea kushuka. Tena maumivu yanaweza kuchelewa, mtu akadhani ni kitu kidogo. Kwenye jicho kila dakika inahesabiwa. Siki na limau hazina kazi pale: kuchanganya asidi na bazi kunazaa joto lingine juu ya jeraha, na mtu anapoteza wakati akitafuta limau badala ya kumwaga maji. Siki itumie baadaye, kwa kusafisha sementi iliyomwagikiwa.

Nchi zilizo na viwanda vikubwa zina kipimo cha kifaa cha kuoshea macho: kisitoe chini ya lita 1.5 kwa dakika, na kiweze kuendelea dakika 15. Piga hesabu: ni lita 22 na nusu. Bidoni yetu ya Goma ni lita 20. Maana yake bidoni moja nzima haifikishi hata kile kipimo cha chini. Na kwa sude waganga wanapenda uendelee nusu saa, ambayo ni lita 45, sawa na bidoni 2 na robo. Kwa hiyo sisi leo kanuni yetu ni bidoni 3, safi, zimejaa, zimefunguliwa vifuniko, na kopo juu yake, ndani ya chumba, kabla mfuko wa sude haujafunguliwa. Kule Kinshasa ao Nairobi mtu ataandika «osha kwa maji ya bomba» na kupita. Kwetu sentensi ile haitoshi. Tunaishi kando ya ziwa kubwa na tunanunua maji kwa bidoni, yanakuja kwa chukudu ao kwa mgongo wa mtoto. Usalama wa atelie ya Goma unaanza kwa kuuliza maji yametoka lini.

Miwani nayo. Huko Birere utauziwa miwani ya mafundi wa kusoma vyuma, yenye matundu pembeni. Ile inazuia cheche, haizuii maji. Tafuta ya kufunga pande zote. Glavu ziwe za mpira, ndefu, za kufika karibu na kiwiko; zile nyembamba za hospitali zinapasuka, na za ngozi zinakunywa sude na kuishikilia kwenye mkono wako. Viatu vya kufunga, si sapatu. Najua chumba kina joto na miwani inaleta ukungu. Ivae tu.

Tuje kwenye vipimo, juu wengi wenu njo mnangojea hapa. Nitavitoa, msiwe na wasiwasi.

Kila mafuta yana kiasi chake cha sude. Mafuta ya mawese yanaomba karibu gramu 141 za sude safi kwa kilo moja. Mafuta ya nazi yanaomba zaidi, kama gramu 183. Ndiyo maana mtu akichukua fomula ya Mombasa ya mafuta ya nazi na kuitia kwenye mawese ya Beni, anapata sabuni inayokwangua ngozi: sude imebaki bure ndani, haina mafuta ya kushika. Watu wenye akili wanapunguza sude kama asilimia 5 ili yabaki mafuta kidogo badala ya sude kidogo. Kwa kilo 10 za mawese inakuwa kilo 1.34 ya sude ndani ya lita 3 hivi za maji. Unapima kwa mizani. Si kwa kopo, si kwa kikombe, si kwa jicho la mzoefu. Sude ya vidonge na sude ya magamba hazijazi kopo sawa.

Iko jambo lingine ambalo fomula inaficha. Sude iliyokaa wazi inavuta maji na hewa ya kaboni, inakuwa polepole kitu kingine, sodiamu kaboneti, dhaifu zaidi. Mfuko uliofunguliwa sokoni toka miezi 3 hauna nguvu ya mfuko mpya. Kwa hiyo fundi anaongeza kidogo «kwa uzoefu». Kesho ananunua mfuko mpya, anaongeza kilekile, na mama mmoja huko Majengo anaungua vidole akifua. Nunua mfuko uliofungwa, andika tarehe ya kufungua, funga ndani ya ndoo yenye kifuniko. Na sabuni ya baridi iache ikae majuma 4 kabla ya kuuza. Najua, njaa haingoji majuma 4. Tengeneza ratiba, mwezi wa kwanza ni mgumu, wa pili unauza ya wa kwanza.

Kuhusu sude ya sokoni nina hasira kidogo, mnisamehe. Inapimwa ndani ya mifuko midogo isiyo na jina, nyeupe, karibu na chumvi na sukari. Nyumbani inawekwa chini ya meza. Ao ikishayeyushwa inatiwa ndani ya chupa ya Fanta. Mtoto anayekunywa sude, akipona, koromeo linakauka na kujikunja, hawezi tena kumeza chakula bila kutanuliwa hospitalini mara kwa mara. Waganga wa Afrika nzima wanaijua shida hii. Mwenye atelie akiuza sude iliyobaki kwa rejareja ndani ya chupa ya kinywaji, ameshaacha biashara ya sabuni, ameingia nyingine.

Sasa Javel. Hapa Goma sisi na klori tuna historia ndefu. Julai 1994 kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika majuma machache pembeni ya mji huu, na mpaka leo ugonjwa ule haujatuaga. Kwenye fukwe kama Kituku utaona mtu na sindano anatia klori ndani ya bidoni za watu. Kisha Ebola: ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, mgonjwa wa kwanza wa Goma akaonekana Julai 2019, ikaisha Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule kila mlango ulikuwa na ndoo ya klori, asilimia 0.05 kwa mikono na asilimia 0.5 kwa vitu na sakafu. Vijana wengi walijifunza pale kuchanganya, na wakaona biashara.

Javel ina tabia ya kuchoka. Jua na joto vinaivunja, inapoteza nguvu na kutoa gesi, chupa inavimba. Ukiiweka kwenye chupa nyeupe juani mbele ya boutique, baada ya miezi unauza maji ya chumvi yenye harufu. Mtu anatia matone yaleyale kwenye bidoni ya maji ya ziwa akiamini amekinga watoto wake. Kwa hiyo tarehe kwenye etiketi ya Javel ni sehemu ya dawa yenyewe. Chupa iwe nzito, ya rangi, ikae kivulini.

Tena usiweke Javel karibu na asidi ya kusafisha choo, na usimuuzie mtu vyote viwili bila kumwambia. Vikikutana vinatoa gesi ya klori. Sisi watu wa Goma hatuhitaji maelezo marefu hapa, tunajua mazuku: ile hewa ya volkano iliyo nzito, inalala kwenye mabonde, inaua mbuzi na mtoto aliyeshuka kuokota kuni, na mrefu aliyesimama hapati kitu. Klori ni nzito kuliko hata mazuku. Inashuka chini ya choo, chini ya kitanda, pale mtoto anapotambaa. Na ile klori ya unga, HTH, isilale chumba kimoja na mafuta, sabuni ao petroli. Inaweza kuwasha moto wenyewe.

Mtu ataniambia: yaya, unatutisha, sisi tunataka kukua. Mimi pia nataka tukue. Lakini ajali yetu ilitokea siku gani? Si siku ya kwanza, tulipokuwa hatujui kitu na tunaogopa. Ilitokea siku tuliyokua mara 3. Katika kemia ukiongeza mara 3 huongezi tu vipande. Ndoo ndogo inapoteza joto lake haraka kupitia pande zake; pipa kubwa linalishikilia katikati. Chombo kinabadilika, mikono inakuwa mingi, mteja anasukuma, mtu anaruka hatua moja. Kila ukitaka kuongeza kipimo, jaribu upya kama vile huijui kazi.

Sisi wa kilimo tunaijua dawa inayoitwa Sevin, ya unga, ya wadudu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, kiwanda cha Union Carbide kilichoitengeneza huko Bhopal, India, kilitoa tani kama 40 za gesi ya sumu juu ya mji uliolala. Maelfu walikufa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya tanki ambalo halikutakiwa kupata maji. Lakini kinachonishika kila nikisoma habari ile ni kitu kingine: mashine ya kupoza tanki ilikuwa imezimwa, mnara wa kuchoma gesi ulikuwa nje ya kazi, wafanyakazi walikuwa wamepunguzwa. Biashara ilikuwa inashuka, wakabana matumizi, na walianza kubana pale pasipozalisha feza kila siku. Sisi tulibana ununuzi wa bidoni 2 za maji. Ukubwa ni tofauti, mawazo ni yaleyale.

Ukitaka mfano wa karibu, tazama Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru ulipata kiwanda cha kuyeyusha betri za magari mwaka 2007. Moshi na maji yake yalileta risasi ndani ya nyumba za watu, na watoto wakaugua. Phyllis Omido alikuwa amefanya kazi mule ndani, mtoto wake akapatikana na sumu ile kwenye damu. Akaanza kupiga kelele mpaka kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiwanda kile kiliajiri watu wa mtaa. Watu wa mtaa walikipokea kama baraka.

Maji machafu ya atelie yetu yanaenda wapi? Hapa Goma tumejenga juu ya lava, jiwe lenye matundu na nyufa. Ukimwaga maji ya sude nyuma ya nyumba yanapotea palepale, na unafikiri yamekwisha. Hayakwishi, yanashuka, na chini ya mji wetu kuna njia moja tu, ziwa. Ziwa lilelile tunalochota na kutoa sambaza. Sisi maji ya kuoshea vyombo tunayakusanya ndani ya bidoni na kuyatumia kuyeyushia sude ya siku inayofuata. Sabuni haijawahi kulalamika, na tumepunguza hata kununua maji.

Kwa makala ninapendelea njia ya baridi, ambayo haihitaji moto mrefu. Atelie zinazochemsha sabuni saa nyingi zinakula makala, na sehemu kubwa ya makala ya Goma tunajua inatoka wapi: msitu wa Virunga. Kwenye njia ya baridi glisirini nayo inabaki ndani ya sabuni, ngozi inaipenda. Na wale wanaosema kwetu haiwezekani kufanya kiwanda cha kweli waangalie Mutwanga, chini ya Rwenzori, eneo la Beni. Kule kiwanda cha SICOVIR kinatengeneza sabuni kwa mawese ya wakulima wa pale na umeme wa maji ya mto. Mawese yaleyale zamani yalipanda lori yakiwa mafuta tu. Hapa Goma nao umeme wa Matebe, ulioanza 2015, unafika mitaa mingi. Umeme ukiwepo unaweza kutumia kikorogeo cha mashine badala ya mti, na uso wa mtu hauinami tena juu ya pipa.

Karatasi za sheria zipo, sitazikalia. Kanuni ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, sheria ya mazingira ni ya Julai 2011, na OCC njo inapima ubora. Ila wengi wetu hatujajiandikisha popote, na mkaguzi hajawahi kupiga hodi. Basi kitu kimoja unachoweza kudai leo: ukinunua sude ao asidi ya sulfoniki kwa dépôt kubwa, omba fishi ya usalama. Ni karatasi yenye sehemu 16, na ya nne inasema cha kufanya mtu akiumia. Muuzaji atakutazama kama umetoka mwezini. Omba tena.

Gharama? Tulipiga hesabu na wenzangu. Miwani 3, glavu jozi 3, mizani ndogo, aproni za plastiki, ndoo 2 nene: haikufika dola 60, na vingi vinadumu mwaka. Tukigawa kwa sabuni tunazotoa, kila kipande kinabeba chini ya franga 20 za Kongo. Yule papa wa boutique tulimwambia wazi kwamba bei imepanda franga 50 na sababu yake. Alinung'unika, kisha akalipa. Mwingine hakulipa, akaenda kwa atelie nyingine. Tulimpoteza, ni kweli.

Dada yetu alirudi kazini baada ya miezi 5. Hakorogi tena. Siku ya sude ni yeye anayesimama mlangoni na kuhesabu bidoni, anaingiza kidole katika kila moja kuona kama ni maji kweli. Juma lililopita bomba lilikauka na wenye chukudu walikuwa hawajapita. Alikuta bidoni moja na nusu. Mfuko haukufunguliwa. Tulikata vipande vya mwezi uliopita, tukabandika etiketi, na saa 8 tukarudi nyumbani.